Uji Tuliokunywa Tumepeana Migongo

Gatongora, Ruiru
Jumanne jioni

Kwako mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa na furaha nyingi, na namshukuru Mungu ambaye anatuchunga mimi huku na wewe huko bila kuchoka na umbali wote huu. Habari ya goti? Ile dawa ya kuchua niliyotuma bado ipo, au umewagawia akina mama wote wa kanisa kama ulivyofanya na ile ya kwanza? Na ng'ombe amezaa? Rose anasema nikuulize kama mvua imeshika huko nyumbani, maana huku imenyesha mpaka kuta za choo zimeota kijani. Sisi tuko wazima. Narudia, mama, tuko wazima, ili usiisome barua hii yote ukiwa umeshika kifua. Tabitha anakula, anagombana na watoto wa ploti kupitia dirishani, na jana amevunja kikombe.

Kwa simu nilikuambia tu kwamba mtoto alishikwa na tetekuwanga na Mungu akamponya. Hiyo ni kweli lakini si yote. Nilitaka kukuambia yote, ila wewe ukipokea simu unaiweka ile sauti kubwa, na watu wote wa boma wanakaa chini kusikiliza kama taarifa ya habari. Hii ninayokuandikia si ya boma lote. Vaa miwani, ingia chumbani, soma mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano wao Nakuru, Ijumaa mpaka Jumapili. Rose ndiye anayewaongoza kwa nyimbo, na alikuwa amefanya mazoezi humu ndani mpaka mimi mwenyewe nikajua sauti ya pili. Tangu Tabitha azaliwe hajawahi kwenda. Nikamwambia nenda. Akaniangalia, akasema, "Zablon, utamweza huyu?" Nikacheka. Mama, nilicheka kweli! Mtoto wa miaka minne, mwepesi kama kuku, atanishinda na nini mimi ninayebeba magunia ya chakula cha mifugo kutwa nzima? Nikamwambia, "Wewe nenda uimbe. Jumapili utatukuta tumenenepa."

Ijumaa hiyo Tabitha alishinda kwa Mama Wanjiku, jirani yetu wa mlango wa pili. Ni Mkikuyu, si mtu wa Magharibi kama sisi, mjane, watoto wake walishakua wakaenda zao. Ana maneno mengi lakini moyo wake ni mkubwa kuliko maneno yake. Niliporudi kutoka kazini alinisimamisha nje kabla sijavua buti.

"Baba Tabi, hii mtoto yako ako moto kama jiko. Na ameanza kuota vitu kwa tumbo. Kuja uone."

Unajua kiwandani tunachanganya samaki wa omena kwenye chakula cha kuku, na ile harufu huwa haitoki hata nikioga. Kila jioni Tabitha hunikimbilia, hunishika miguu na kupiga kelele, "Baba ananuka! Baba ananuka omena!" Siku hiyo alikuwa amelala kwenye kiti cha Mama Wanjiku, akafungua macho, akanitazama, akayafunga tena. Hakusema ninanuka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi asubuhi nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama yake nikaelekea kliniki. Vijana wa pale kwenye kuosha pikipiki wakaanza, "Mzee Zablon, umeandikwa kazi ya yaya?" Nikawaambia, "Naam, na nalala huko huko kwa mwajiri." Walicheka, nami nikacheka, lakini mgongo wangu ulikuwa unaungua kwa joto la yule mtoto.

Daktari tuliyemkuta ni msichana mdogo, mpole, mwenye mikono baridi. Alimvua Tabitha gauni akaona vile vipele vya maji vimemjaa tumboni na mgongoni. "Hii ni tetekuwanga," akasema. "Hii itaenda yenyewe, usijali sana." Kisha akamfungua mdomo, akamulika kwa tochi, akaniita nitazame. Mama, ulimi wote na kule kooni kulikuwa na vidonda.

"Mimi shida yangu si hivi vya ngozi," akasema. "Shida yangu ni hivi vya mdomo. Ndiyo maana hataki kumeza. Amekojoa lini?"

Nikafikiri. Nikamwambia jana jioni, kidogo tu.

Akaacha kuandika. "Baba, nisikize vizuri. Homa nitaituliza. Lakini lazima anywe. Maji, uji mwepesi, kitu chochote, hata kama ni kijiko kijiko. Jua likianza kushuka kama hajakojoa, usingoje kesho. Mlete nimpeleke Thika awekewe maji ya mshipa."

Akanipa dawa ya homa, dawa ya kupaka ya rangi ya waridi, na unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji. Tukatoka. Basi, mama, siku yangu yote ikawa ni jambo moja tu, mkojo wa mtoto. Tangu niokoke nimemwomba Mungu vitu vingi. Nimeomba kazi, nimeomba mvua, nimekuombea goti lako. Sijawahi kumwomba kitu kama hicho. Nilikuwa nikitembea barabara ya Gatongora mtoto mgongoni nikisema kwa sauti, "Baba wa mbinguni, mpe mkojo." Mama mmoja muuza mboga akanijibu, "Amina."

Nyumbani nilijaribu kila kitu. Nilimpa kwa kijiko, akafunga mdomo. Nilimpa kwa kile kikombe chake chenye picha ya twiga, akageuza uso. Nilijifanya gari la maji ninakuja kumwaga, mimi mzima na mvi zangu, nikinguruma katikati ya nyumba, na yeye akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mgonjwa. Tone moja likimgusa ulimi analia, na analia bila machozi.

Rose akapiga simu. Sikuweza kumficha. Akasema, "Nakuja sasa hivi." Nikamwambia atulie, Nakuru si hapa, mpaka apate gari na afike jua litakuwa limeshaanza kushuka, na kama ni kumpeleka Thika mimi nina miguu. Kisha akasema, "Basi nampigia mama aje."

Hapo nami nikaketi.

Unajua mavyala, mama yake Rose, amekuwa kwa shemeji Aggrey huko Gatuanyaga, anamsaidia na mbuzi. Kutoka huko mpaka hapa kwetu si mbali. Lakini mama, wewe ndiye ulinifundisha. Mama mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, hakai na mkwe wake chumba kimoja, na hawali wala kunywa wakionana. Nimeishika heshima hiyo tangu nioe. Kwenye mazishi ya baba yake Rose nilimwona anakuja kwa ile njia nyembamba, nikaingia ndani ya mahindi na suti yangu mpaka akapita. Na nyumba yangu, mama, ni chumba kimoja chenye pazia katikati.

Nikamkumbusha Rose hayo. Akasema, "Zablon, kati ya heshima na mtoto, wewe unataka nini?"

"Nataka vyote viwili."

"Haya," akasema, na simu ikakatwa.

Mavyala alifika kabla ya saa sita, ameletwa na bodaboda kutoka stendi. Yule kijana alikuwa analalamika hata kabla hajazima pikipiki. "Mzee! Niaje? Shosho wako amenikataza spidi njia yote. Hata watu wa miguu wametupita!"

Nilikuwa ndani, nimesikia sauti. Nikachungulia dirishani. Mavyala amesimama uani, amejifunika leso kichwani, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, anangoja nitoke ili yeye aingie. Na mimi niko ndani nangoja asogee ili nitoke. Mlango ni mmoja, na njia ya kutoka inapita palepale aliposimama. Tukakaa hivyo. Tabitha kitandani, sisi tunangojana.

Mama Wanjiku akatokea na beseni lake. "Haiya! Na sasa mnangojea nini? Mama, ingia. Baba Tabi, toka."

Nikamwambia kupitia dirishani, "Hatuwezi kupitana mlangoni."

"Kwani mama mkwe wako anauma?"

Nikasikia mavyala akicheka ndani ya leso yake. Mama Wanjiku akatikisa kichwa, akavuta shuka yake kwenye kamba, akaitandaza kati ya mikono yake miwili kama ukuta. "Pitaneni basi, watu wa Magharibi, kabla nguo yangu haijachafuka tena." Basi nikapita upande wangu na mavyala akapita upande wake, nikiona tu miguu yake chini ya shuka, ina vumbi la Gatuanyaga, inatembea haraka kuelekea kwa mtoto.

Tangu hapo mchana wetu ukawa hivi. Yeye ndani, mimi nje chini ya dirisha, nimekaa juu ya ndoo, na mwavuli wa Mama Wanjiku kwa sababu mvua ilikuwa inadondoka kidogo kidogo. Na kwa vile hatuwezi kusemezana, Tabitha ndiye akawa wa kupeleka maneno. Mavyala alikuwa amekuja na unga wa wimbi kutoka nyumbani, akasema, "Tabitha, mwambie babako alete maji nipike uji."

Sauti ya Tabitha ikatoka dirishani, imekwaruza. "Baba, shosho amesema ulete biskuti."

"Mimi sikusema biskuti. Na mimi si shosho, kwetu nyanya anaitwa kukhu."

"Baba, shosho amesema yeye ni kukhu."

"Mwambie basi alete maji."

"Leta maji na biskuti."

Mama, nilicheka peke yangu pale nje mpaka ndoo ikayumba, na ndani nikamsikia mavyala naye akicheka. Tumekuwa mtu na mkwe wake miaka yote hii na sikujua anacheka hivyo, kicheko kirefu kinachopanda na kushuka. Nikapitisha mtungi wa maji dirishani, yeye akaupokea akiwa ameangalia pembeni, nami nimeangalia pembeni, na karibu tuumwage wote.

Lakini kucheka si kunywa. Uji uliiva, ukapozwa, ukawa mwepesi kama maji, ukatiwa sukari. Mtoto alionja akatema akalia. Mavyala akamwimbia, akambembeleza, akampaka dawa mwili mzima mpaka nikamwona dirishani amekuwa wa waridi kama ukuta wa saluni. Akalala kidogo, akaamka. Bado. Kila akiamka nasikia mavyala akiuliza polepole, "Unataka kukojoa, mama yangu?" na yule mtoto anasema, "Hapana."

Jua likaanza kuinama upande wa reli. Nikasikia mavyala akisema, sauti ikiwa nyingine kabisa, "Tabitha, mwambie babako mdomo wako umekauka."

"Baba," akasema Tabitha, "mdomo wangu umekauka."

Safari hii hakubadilisha neno.

Nikasimama. Nikamwambia, "Tabitha, mwambie kukhu akuvalishe sweta, tunaenda kwa daktari." Nilikuwa nimeshaishika leso ya kumbebea. Na hapo hapo mvua ikafunguka yote kwa pamoja, ile mvua inayopiga mabati mpaka mtu hasikii anachofikiri. Upepo ukapindua mwavuli. Nikabaki nimesimama dirishani naloa kama mbuzi aliyesahaulika, nikingoja ipungue tutoke.

Tabitha akasimama kitandani akaniona. "Baba analoa! Baba aingie!"

Mavyala akamvuta aketi.

"Shosho, baba analoa!"

Nikasikia pazia likifungwa. Kisha nikamsikia, "Mwambie babako aingie. Nyumba ni yake. Mimi nitakaa huku nyuma ya pazia na wewe."

Nikaingia. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, maji yakinichuruzika sakafuni, pazia limefungwa katikati yetu. Nilitaka kuondoka nao upesi mvua ikikatika. Lakini pazia likavutwa. Si mavyala aliyelivuta. Ni yule bosi wa waridi, amesimama kitandani ameshika pazia kwa mikono miwili.

Sasa, mama, nikueleze kitu cha nyumba yetu. Jioni nikirudi tunakunywa uji au chai sote watatu pamoja. Mimi naomba, Tabitha anasema amina, kisha yeye ndiye anayesema "Haya," na hakuna mtu anayeruhusiwa kunywa kabla hajasema. Rose akionja sukari kwanza anagombezwa. Basi Tabitha akatazama kikombe mkononi mwa kukhu yake, akanitazama mimi na mikono mitupu.

"Baba hana kikombe."

"Baba yako atakunywa baadaye," mavyala akasema. "Wewe kunywa, mwanangu."

"Hapana. Baba anakunywa. Na shosho anakunywa. Na mimi nakunywa. Wote."

Unaelewa alichotaka, mama. Nilitazama sakafu. Nilimsikia mavyala akikiweka kikombe chini, mvua ikiendelea kupiga. Nilijua hata yeye anafikiria mama zake na heshima waliyomwachia, na sikutaka kumsukuma hata kwa kikohozi. Kisha nikasikia sufuria ikifunuliwa. Kikombe kimoja, cha pili, cha tatu.

"Tabitha," akasema, "mwambie babako ageuke aangalie mlango."

Nikageuka.

"Mwambie nami naangalia ukuta. Hakuna anayemwona mwenzake. Mungu ndiye anayeona, na yeye ndiye aliyetupa huyu mtoto."

Mkono mdogo ukaniletea kikombe kwa nyuma, nusu kimemwagika. Nikaomba. Sikuomba maombi marefu, nilisema tu, "Bwana, tunakunywa mbele yako. Mpe huyu mtoto maji ndani yake." Sauti mbili nyuma yangu zikasema amina.

"Haya!" Tabitha akaamuru.

Tukanywa. Nilisikia mavyala akinywa. Nikasikia na huyo mdogo, funda moja, kisha kilio kidogo, kisha kimya. Kisha, "Baba, umekunywa? Nionyeshe ulimi."

Nikatoa ulimi kuelekea mlango ili aone kwa pembeni.

"Shosho, na wewe. Toa ulimi."

Na ndivyo ilivyokuwa, mama, mimi nimeuangalia mlango ulimi nje, mavyala ameuangalia ukuta ulimi nje, wakati mlango ulipofunguliwa na Mama Wanjiku akaingia na chupa ya chai, amejifunika gunia la plastiki kwa ajili ya mvua.

"Ngai!" akapiga kelele. "Mmeingiwa na nini nyinyi?"

Tabitha akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Ijumaa. Alicheka mpaka akaketi kitandani, na katika kile kicheko akasahau mdomo wake, akainua kikombe cha twiga. "Haya! Tena! Shosho wa nje naye akunywe!" Mama Wanjiku akapewa kikombe, akaambiwa asimame akiangalia dari. Tukanywa tena. Nyumba yote tumetazama pande nne kama watu waliogombana, tunakunywa uji kwa amri ya mtoto. Kila funda lilimuuma, nilisikia akijikaza, lakini hakukubali sisi tunywe yeye abaki nyuma. Sufuria ikaisha. Mavyala akapika nyingine.

Kisha tukangoja. Mvua ilikuwa imepungua, nami nimeshika leso mkononi, naangalia mwanga mlangoni ukipungua, nasema moyoni nitahesabu baraka zangu zote kisha tuondoke. Tabitha alikuwa amelala mapajani mwa kukhu yake.

Nikasikia mavyala akivuta pumzi.

"Amekojoa," akasema. Kisha kwa sauti ambayo nina hakika walisikia mpaka barabarani, "Amekojoa! Amenikojolea! Bwana asifiwe! Amenilowesha yote!"

Mama, sijui nilifikaje pale. Najua kiti kilianguka. Nilijikuta nimemshika mavyala mikono yote miwili na yeye amenishika, tunarukaruka kama watoto, gauni lake linadondoka mkojo, tunasema asante Yesu, asante Yesu, naye Tabitha katikati anashangaa kwa nini leo hagombezwi. Mama Wanjiku akapiga vigelegele vitatu, vile ambavyo kwao hupigwa msichana akizaliwa. Watu wa ploti wakatoka milangoni wakauliza ni nini, akawaambia, "Mtoto amekojoa!" nao wakashangilia hata kabla ya kuelewa.

Ndipo tukatazamana. Usoni, mama. Ana macho ya Rose. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kulijua. Akaivuta mikono yake taratibu, akafunika mdomo, akaketi. Nami nikarudi nyuma nikauangalia mlango wangu. Nilingoja anikemee.

"Tabitha," akasema, "mwambie babako asante."

"Baba ako hapo," Tabitha akasema. "Mwambie wewe."

Hakuniambia. Lakini alicheka tena kile kicheko chake, akaenda kwa Mama Wanjiku kubadilisha nguo, na huko ndiko alikolala, maana chini ya paa langu hakutaka kulala na mimi sikutaka kumwomba.

Jumapili hatukwenda kanisani kwa sababu ya kuambukiza watoto wa watu. Tulifanya ibada hapa hapa. Mavyala ndani na Tabitha, mimi kwenye kizingiti nimeangalia nje, Mama Wanjiku uani akimenya viazi. Mavyala aliimba, nami nikaingiza sauti ya pili niliyojifunza kwa Rose bila kutaka. Tabitha akahubiri. Alisema, "Yesu anapenda watoto wakikunywa uji, amina," na hakuna mchungaji aliyewahi kunigusa hivyo. Alikojoa siku nzima, na kila mara tulimpigia makofi, mpaka sasa amezoea. Leo asubuhi ametoka chooni akasimama akingoja.

Rose alifika jioni, sauti imemwisha kwa kuimba. Alipomkuta mtoto anarukaruka kitandani, amejaa madoa ya waridi, alilia kwanza, akacheka baadaye. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Akacheka mpaka pale pa kushikana mikono. Hapo akauliza, "Na sasa?"

Hicho ndicho kinachonifanya niandike. Mavyala alirudi Gatuanyaga jana. Kabla hajaondoka alimtuma Mama Wanjiku kwangu na maneno haya, "Zablon amuulize mamake. Atakalosema mamake, mimi nitalifuata." Anasema kwao kuna njia ya kulifungua jambo kama hili. Watu wanakutana, mkwe analeta shuka, mama mkwe analeta kuku, wanaombewa, na baada ya hapo wanaweza kusalimiana bila kuvunja kitu. Lakini anasema koo nyingine hazikubali, na hataki kukuvunjia heshima wewe na wazee wa upande wetu.

Mimi sijui kwetu ikoje, hili sikuwahi kukuuliza. Mama, nakuambia ya moyoni kwa sababu wewe ni mama yangu. Sitaki heshima ipungue. Alipogeuka akaangalia ukuta na kile kikombe mkononi, niliona heshima kubwa kuliko ile ya kukimbiana. Ninachoomba ni ruhusa ya kumpa mkono mtu aliyeloweshwa mkojo na mtoto wangu akamsifu Mungu. Ukisema hapana, nitatii, na nitaendelea kumpitia mbali. Ukisema ndiyo, niambie ni shuka ya namna gani, nani aombe, na kama ni lazima uje wewe mwenyewe. Nauli nitatuma, na Tabitha ameshasema utalala upande wake wa kitanda.

Barua hii nimeiweka ndani ya kifurushi cha majani chai na sukari, anakuja nacho mwenzangu wa kiwandani anayekwenda likizo. Chai usimgawie kila mtu. Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, na watoto wao wote, hasa yule anayengoja mtihani, mwambie tunamwombea. Nisalimie shangazi mfinyanzi wa vyungu, na mjomba wa kule mtoni kama amepunguza hasira. Mwambie mzee wa kanisa kwamba ule wimbo alioutaka Rose ameuandika na ataupata. Mama Wanjiku naye anakusalimu, anasema watu wa kwenu ni wa ajabu na anatamani kukuona.

Shemeji Aggrey anasema mavyala ataondoka Gatuanyaga kurudi nyumbani shule zikifungwa. Tabitha ananiuliza kila jioni kukhu anakuja lini, maana sasa anamwita kukhu, na mimi sina jibu la kumpa mpaka nisikie kutoka kwako.

Tafadhali, mama, nijibu upesi.

Mwanao akupendaye katika Bwana,
Zablon